Kupaka Rangi Ndani ya Nyumba: Lini Ufanye Mwenyewe na Lini Umwite Fundi

Watu wengi wanapotaka kubadilisha rangi ya ndani ya nyumba huanza kwa kuuliza fundi anatoza kiasi gani, kisha hulinganisha jibu hilo na bei ya rangi dukani na kuamua papo hapo. Mwanzo huo unapotosha. Ufundi una gharama yake, lakini kinachoamua kama rangi itakaa miaka mingi au itaanza kubanduka mapema ni hali ya ukuta kabla ya brashi kuugusa, na ni hali hiyohiyo inayopaswa kuamua nani ashike brashi. Ukuta mzima, mkavu, ambao rangi yake ya zamani bado imeshika vizuri, unaweza kupakwa na mtu yeyote mwenye subira na muda. Ukuta wenye unyevu, nyufa zinazoendelea kupanuka au plasta iliyoachia unahitaji mtu anayejua kutibu chanzo cha tatizo, na anayeupaka bila kuutibu hujikuta akilipia kazi ileile mara mbili. Ndiyo maana ninashauri bei iulizwe baadaye, na ukuta ukaguliwe kwanza.

Ukaguzi wa ukuta

Ukaguzi huu hauhitaji vifaa vya gharama. Subiri giza liingie, zima taa za chumba, kisha weka tochi karibu kabisa na ukuta ili mwanga wake upite juu ya uso wa ukuta kwa ubavu badala ya kuupiga moja kwa moja. Kila bonde, kila alama ya mwiko na kila mchirizi wa rangi ya zamani utatoa kivuli chake, hata pale ambapo mchana ulionekana kuwa laini. Rangi mpya haitaficha hata kimoja kati ya vivuli hivyo, na ikiwa ni rangi yenye mng'ao itavidhihirisha zaidi. Zungusha tochi chumba kizima na uweke alama ya penseli nyepesi kila panapohitaji kujazwa au kusuguliwa, kwa sababu wingi wa alama hizo ndio utakaokuonyesha ukubwa halisi wa kazi iliyo mbele yako.

Mchana unaofuata, pitisha kiganja kikavu ukutani. Kikirudi na unga, maana yake rangi iliyopo imechakaa na imepoteza nguvu ya kushika, na chochote utakachokipaka juu yake kitaushika unga huo badala ya kuushika ukuta. Kisha chukua wembe, chora mistari michache inayokatana kwenye rangi ya zamani, bandika tepu imara juu yake, ikandamize vizuri na uing'oe kwa mkupuo mmoja. Tepu ikitoka na vipande vya rangi, rangi hiyo itabidi ikwanguliwe, kwa kuwa uzito na unyevu wa rangi mpya utaivuta itoke pamoja nayo. Gonga pia ukuta kwa vifundo vya vidole sehemu mbalimbali. Sauti iliyo tupu, tofauti na ile ya sehemu nyingine, huonyesha kwamba plasta imeachana na tofali lililo nyuma yake.

Unyevu ndio unaostahili umakini mkubwa kuliko yote. Dalili zake ni rangi iliyofanya malengelenge, madoa ya kahawia, kuvu nyeusi kwenye pembe, au unga mweupe wa chumvi unaojitokeza juu ya plasta. Ili kujua unyevu unatoka wapi, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukiziba kingo zake zote kwa tepu, na ukiache kwa siku nzima au zaidi. Matone yakijikusanya upande wa nailoni unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, pengine kwa bomba linalovuja, paa lenye tundu au maji ya ardhini yanayopanda kupitia msingi. Yakijikusanya upande unaotazama chumba, tatizo ni hewa yenye mvuke isiyopata pa kutokea, nalo hutatuliwa kwa kuongeza upitishaji wa hewa. Katika hali ya kwanza, hata fundi rangi si mtu wa kwanza wa kuitwa. Anatakiwa kwanza fundi bomba au mwashi, halafu ukuta uachwe ukauke, na rangi ifuate mwishoni.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuyafahamu kabla ya kuamua. La kwanza ni aina ya rangi iliyopo. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti na usugue sehemu ndogo iliyofichika: rangi ya maji kwa kawaida hulainika na kuacha rangi kwenye kitambaa, ilhali rangi ya mafuta haitikisiki. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, bila kupigwa msasa wala kuwekewa praima inayofaa (rangi ya msingi inayotangulia ili rangi yenyewe ishike), haipati pa kushika, na baada ya muda utaweza kuibandua kwa ukucha. La pili ni umri wa plasta. Plasta mpya ya saruji inahitaji takribani siku 28 ili ikomae, na hata baada ya hapo hubaki na asili ya ukali kama wa chokaa ambao hugeuza mafuta yaliyomo kwenye rangi ya mafuta kuwa kitu cha utelezi mfano wa sabuni. Plasta ya namna hiyo ianze na praima iliyotengenezwa kuhimili ukali huo.

Nyumba ya zamani ina hatari yake ya pekee. Rangi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi kwa sababu vumbi lake huathiri ubongo unaokua. Ukiwa na sababu ya kushuku kwamba tabaka za chini za rangi yako zina risasi, usizipige msasa mkavu wala kuziunguza kwa moto. Zipimwe kwanza, na zikithibitika kuwa nayo, kazi hiyo apewe mtu aliyefunzwa kuifanya. Hapa sioni nafasi ya kuokoa fedha.

Kazi ya nani?

Baada ya ukaguzi, majibu mengi hujileta yenyewe. Chumba cha kulala chenye kuta zilizonyooka, matundu machache ya misumari na dari ya urefu wa kawaida ni kazi ya mwenye nyumba, mradi awe na siku kadhaa zisizo na haraka na mgongo unaostahimili kuinama na kunyoosha mikono juu. Chumba kama hicho hakimdai mtu kipaji. Kinamdai nidhamu ya kutoruka hatua, na faida yake kubwa ni kwamba hakuna atakayejali kona zako kuliko wewe unayelala humo.

Kwa upande mwingine, ziko kazi ambazo ningemwachia fundi bila kusita. Ya kwanza ni kupiga skimu, yaani tabaka jembamba la kusawazisha, kwenye kuta zilizojaa mabonde, kwa maana kuutandaza mchanganyiko kwa wembamba ulio sawa ukuta mzima ni ujuzi wa mkono unaochukua muda mrefu kuupata, na makosa yake huonekana baada ya rangi kukauka, wakati kurekebisha kumekuwa kugumu. Ya pili ni sehemu za juu kama vile ukuta wa ngazi za ghorofa au sebule yenye dari ndefu, ambako hatari ya kuanguka ni kubwa kuliko akiba yoyote. Ya tatu ni milango na fremu za kupakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Mng'ao hauna huruma kwa alama za brashi, na kama kuna kinachomtofautisha fundi mzoefu na mtu wa kawaida, ni mlango uliopakwa bila mchirizi hata mmoja.

Katika kuhesabu gharama za kufanya mwenyewe, watu husahau vifaa. Brashi nzuri, rola na trei yake, msasa wa daraja mbalimbali, puti ya kujazia nyufa na matundu, skrepa ya kukwangulia, tepu, turubai za kufunika sakafu na ngazi imara ni fedha nyingi kwa mtu atakayepaka chumba kimoja kisha aviweke stoo, lakini ni kidogo kwa atakayepaka nyumba nzima chumba baada ya chumba. Ongeza muda wako, na ukumbuke kwamba maandalizi hula zaidi ya nusu ya kazi yote. Fundi na msaidizi wake wanaweza kumaliza nyumba kwa siku chache huku kazi hiyohiyo ikikuchukulia mapumziko ya wiki nyingi, na kuishi muda wote huo na samani zilizorundikwa katikati ya chumba ni gharama pia, ingawa haiandikwi popote.

Njia ninayoipendelea mimi, na ambayo kwa maoni yangu haizingatiwi inavyostahili, ni kugawana kazi. Fundi aajiriwe kwa matengenezo ya plasta, skimu, dari na milango, nawe ubaki na kuta za vyumba zilizokwisha andaliwa, ambazo ndizo zenye eneo kubwa na ugumu mdogo. Mpango huo unataka makubaliano yaliyo wazi kuhusu nani anaishia wapi, kwa kuwa fundi hawezi kuwajibika kwa rangi iliyobanduka ikiwa hakuipaka yeye, wala wewe huwezi kulaumiwa kwa puti iliyopasuka chini ya rangi yako. Mwambie akukabidhi ukuta ukiwa umepigwa msasa na kuwekewa praima, uukague kwa tochi mbele yake, na tangu hapo ukuta uwe wako.

Hesabu ya rangi

Iwe unapaka mwenyewe au unamwita fundi, hesabu hii ujue kuifanya, kwa sababu ndiyo itakayokulinda dhidi ya kununua kupita kiasi na dhidi ya orodha ya vifaa iliyotiwa chumvi. Jumlisha urefu wa kuta zote nne, zidisha kwa kimo cha ukuta, kisha toa eneo la milango na madirisha. Chumba chenye upana wa mita 3.5 na urefu wa mita 4 kina mzunguko wa mita 15. Kimo kikiwa mita 2.8, kuta zake zina mita za mraba 42, na ukitoa takribani 4 za mlango mmoja na dirisha moja unabaki na 38. Lita moja ya rangi ya maji hufunika wastani wa mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, juu ya ukuta laini uliokwisha zibwa, na hupungua sana juu ya plasta tupu au ukuta wenye mikwaruzo. Kwa mikono miwili, chumba hicho kinahitaji kati ya lita 6 na nusu na 8. Dari yake ina mita za mraba 14, nayo ihesabiwe peke yake kwa kuwa huwa na rangi yake.

Nunua rangi yote ya chumba kwa pamoja na uangalie namba ya toleo iliyochapwa kwenye kila kopo, kwani matoleo mawili ya rangi yenye jina moja yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta. Mafundi makini humimina makopo yote ya rangi moja kwenye ndoo kubwa na kuyachanganya kabla ya kuanza. Fanya hivyo hata kama namba zinalingana.

Ukiamua kupaka mwenyewe

Toa samani zinazotoka, sogeza zinazobaki katikati na uzifunike pamoja na sakafu. Zima umeme wa chumba kwenye swichi kuu kabla ya kulegeza vifuniko vya swichi na soketi. Wengi hupaka kwa kuzunguka vifuniko hivyo, na matokeo yake ni ukingo wa rangi unaopasuka siku kifuniko kinapofunguliwa. Osha kuta kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa jikoni na karibu na swichi ambako mafuta ya mikono hujikusanya, kisha suuza kwa maji safi na uache zikauke. Palipo na kuvu, paka mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu tatu za maji, uuache kwa takribani robo saa, halafu suuza. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye klorini kamwe na kitu chenye amonia au asidi, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Sasa inakuja sehemu ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kwangua kila kilicholegea kwa skrepa mpaka ufikie rangi ambayo haitoki. Panua kidogo mdomo wa kila ufa kwa ncha ya skrepa ili puti ipate pa kushika, futa vumbi, lowesha kidogo kama puti yako inahitaji hivyo, na uijaze hadi ijitokeze juu kwa kiasi kidogo, kwani hunywea inapokauka. Tundu lenye kina lijazwe kwa awamu mbili au tatu, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke, badala ya bonge moja ambalo litapasuka katikati. Kisha piga msasa kwa mwendo wa duara hadi kiganja kikipita juu ya sehemu iliyozibwa na macho yamefumbwa kisitambue ilipo. Vaa barakoa ya vumbi wakati wote huo. Futa vumbi la msasa kwa kitambaa chenye unyevunyevu, na uweke praima angalau kwenye sehemu zote zilizojazwa na plasta yote iliyo wazi. Ukiacha praima, puti hunywa rangi kwa kasi kuliko ukuta unaoizunguka, na utaona mabaka yasiyo na mng'ao hata baada ya mkono wa pili.

Mpangilio wa kupaka hushuka kutoka juu: dari, kuta, kisha milango, fremu na skatingi (ukanda wa chini ukuta unapokutana na sakafu). Kwa rangi ya maji tumia brashi ya nyuzi za sintetiki, kwa kuwa nywele za asili hunyonya maji na kulegea. Nywele za asili zifae rangi ya mafuta. Rola yenye manyoya ya urefu wa milimita 10 hadi 12 hufaa ukuta laini, na ukuta wenye mikwaruzo hutaka manyoya marefu zaidi.

Kona na kingo hupakwa kwa brashi kabla ya rola, na hapa wanaoanza ndipo wanapokata tamaa mapema. Chovya brashi hadi theluthi moja ya nywele zake, igonge taratibu pande zote mbili ndani ya ndoo badala ya kuifuta kwenye ukingo, kwani ukiifuta unaiondolea rangi unayoihitaji. Anza mstari kidogo mbali na kona, ukiacha rangi itue ukutani, kisha rudi na ukandamize brashi mpaka nywele zitanuke kidogo, na uisogeze polepole hadi ukingo wa nywele hizo uguse mstari wa kona. Endelea kwa mkupuo mrefu bila kusimama, macho yakitazama mbele ya brashi na si brashi yenyewe. Mkono ukitetemeka, egemeza kidole kidogo ukutani. Paka ukanda wa upana wa kama sentimita 5 hadi 8, na uufuate kwa rola kabla haujakauka, vinginevyo ukanda huo utabaki ukionekana kama fremu iliyozunguka ukuta.

Rola ichukue rangi ya kutosha kiasi cha kutodondosha. Gawa ukuta katika maeneo ya takribani mita moja kwa mita moja, tandaza rangi kwa mwendo wa kwenda juu na kushuka kwa mshazari, kisha ijaze nafasi zilizobaki na umalizie kwa kupitisha rola bila kuikandamiza, kutoka juu hadi chini, kila mara upande uleule. Kila eneo jipya liguse eneo lililotangulia likiwa bado bichi. Ukianza ukuta, umalize kabla ya kupumzika, hata kama simu inaita. Ukiona sehemu iliyorukwa wakati rangi imekwisha anza kushika, iache mpaka mkono wa pili, kwani kuirudia kutaivuruga na kuacha alama.

Rangi nyingi za maji huruhusu mkono wa pili baada ya saa 2 hadi 4, na rangi za mafuta baada ya saa 16 hadi 24, lakini hali ya hewa yenye unyevu hurefusha muda huo, na maelekezo yaliyo kwenye kopo ndiyo ya kufuata. Tepu ya kuzuia rangi iondolewe mkono wa mwisho ukiwa bado haujakauka kabisa, kwa kuivuta polepole ikijikunja juu yake yenyewe. Ngazi iliyoegemezwa iwe na nafasi ya mita moja kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo, na usijinyooshe kiasi cha kiuno kuvuka ubavu wake, shuka uisogeze. Matambaa yaliyolowa rangi ya mafuta au mafuta ya kitani yasirundikwe, kwa sababu yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje mpaka yakauke.

Ukiamua kumwita fundi

Kabla ya kukubaliana bei, nenda ukaone kazi aliyoifanya mwaka mmoja au zaidi uliopita. Kazi ya wiki iliyopita humpendeza kila mtu, ilhali ukuta uliokwisha pita misimu ya mvua na jua hueleza jinsi ulivyoandaliwa. Tazama kona, mahali ukuta unapokutana na dari, na ukingo wa juu wa milango. Muulize mwenye nyumba kama fundi alisafisha alipomaliza na kama alirudi alipoitwa.

Alika mafundi wawili au watatu waje kuutazama ukuta kwa macho yao, maana bei inayotolewa kwa simu ni kubahatisha. Msikilize kila mmoja anauliza nini. Fundi anayegonga ukuta, anayeuliza chanzo cha doa la unyevu na anayetaka kujua rangi iliyopo ni ya aina gani amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyofanya kazi. Anayetaja bei akiwa bado mlangoni huenda ni mzoefu kweli, lakini mzoefu huyo hajakuambia chochote kuhusu ukuta wako. Bei iliyo chini sana kuliko nyingine mara nyingi imepunguzwa kwenye maandalizi, kwa sababu ndiyo sehemu isiyoonekana kazi ikiisha.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje vyumba na maeneo, maandalizi yatakayofanywa, aina ya praima, jina na aina ya rangi, idadi ya mikono, nani ananunua vifaa, tarehe ya kuanza na kumaliza, na nani atalinda na kurudisha samani. Eleza kama bei ni ya ufundi peke yake au inajumuisha vifaa. Mimi hupendelea mwenye nyumba anunue rangi mwenyewe kwa kutumia hesabu tuliyoiona, kwa kuwa anajua alichonunua na fundi anaondolewa kishawishi cha kubana rangi. Asiyeweza kununua mwenyewe aombe makopo yafunguliwe mbele yake na matupu yabaki mpaka siku ya makabidhiano, ili idadi yake ilinganishwe na hesabu.

Kubana rangi hufanyika zaidi kwa kuongeza maji. Kiasi kidogo cha maji huruhusiwa, na mkono wa kwanza juu ya plasta tupu hutaka maji zaidi ili upenye, lakini kiwango chake kimeandikwa kwenye kopo na hakipaswi kuvukwa. Rangi iliyozidishwa maji hudondoka kwenye rola, haifuniki rangi ya chini kwa mikono iliyokubaliwa, na ikikauka hutoka kwa kusuguliwa na kitambaa chenye maji. Mtazame fundi anapochanganya ndoo ya kwanza, na umuulize kwa heshima kuhusu kiwango anachotumia. Fundi mwaminifu haoni tatizo kulijibu swali hilo.

Malipo yafuate hatua za kazi. Kianzio kiwe cha kutosha kununua vifaa vya awali ikiwa yeye ndiye anayevinunua, sehemu ya pili ilipwe baada ya maandalizi kukamilika, na kiasi cha maana kibaki mpaka ukaguzi wa mwisho. Hatua ya maandalizi ndiyo ya kuilinda zaidi. Mwombe asipake rangi kabla hujauona ukuta uliopigwa msasa na kuwekewa praima, kwa sababu baada ya hapo huwezi tena kujua kilicho chini. Wakati wa kazi usimsimamie kila dakika wala kubadilisha rangi katikati. Mabadiliko yoyote yajadiliwe pamoja na bei yake kabla hayajafanywa, jambo linalomlinda yeye kama linavyokulinda wewe.

Ukaguzi wa mwisho ufanyike mara mbili, mchana kwa mwanga wa dirisha na usiku kwa tochi ileile iliyowekwa ubavuni mwa ukuta, rangi ikiwa imekauka kabisa. Tafuta mabaka, michirizi, nywele za brashi zilizonaswa, kingo zisizonyooka na rangi iliyoziba bawaba au kitasa. Fungua na ufunge kila mlango na dirisha, kwa kuwa rangi nene kwenye fremu huyafanya yagande. Weka alama za vipande vya tepu panapohitaji kurekebishwa, pita navyo pamoja na fundi, na umpe muda wa kuvishughulikia vyote kwa mara moja. Mwachie akukabidhi rangi iliyobaki ikiwa kwenye kopo lililofungwa vizuri na kuandikwa jina la chumba, tarehe na namba ya toleo, kisha ulipe salio lake lote siku hiyohiyo.